JINA LA MKIMBIZI NI AMANA



Ndugu zangu, Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipoanzisha diwani, majina ya Waislamu yaliandikwa ili kila mmoja apate haki yake kutoka Baytul Mali. Daftari lilikuwa na sababu, na sababu ndiyo mpaka wake.

Sasa tazama Kigoma. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu kwa waliokimbia vita vya Kongo. Mwaka 2015 Warundi walimiminika, na kambi ya Nduta kule Kibondo ikafunguliwa tena. Mkimbizi akifika anaandikisha jina, kijiji alichotoka na watu wa nyumba yake. Anapigwa picha, anachukuliwa alama za vidole. Asipoandikishwa hapati mgao. Jiulize: mwenye njaa ataweza kusema "sitaki"?

Na je, orodha ile ikimfikia aliyemkimbia?

Si hofu ya bure. Mwaka 2021 Human Rights Watch ilieleza kwamba taarifa za ndugu zetu Warohingya, zilizokusanywa Bangladesh, zilipelekwa kwa serikali ya Myanmar, ile ile waliyoikimbia. UNHCR ilikana kukosea. Lakini shirika hilo lilikuwa na sera yake ya kulinda taarifa tangu 2015. Basi sera peke yake haitoshi. Kunahitajika anayemcha Allah kwenye ile kompyuta.

Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Msingi wake: taarifa ikusanywe kwa lengo lililotajwa, isitumiwe kwa jingine, na ilindwe isifikiwe na asiyehusika. Muislamu hashangai. Surat An-Nur, aya ya 27, ilitufundisha zamani kutoingia nyumba ya mtu bila idhini. Taarifa za mtu ni nyumba yake.

Ewe unayeshika daftari la wajane na mayatima msikitini, usilirushe kwenye kundi la WhatsApp. Ewe mfanyakazi wa ofisi, nywila uliyopewa ni ufunguo wa nyumba za watu: usimwazime rafiki, wala usichungulie jina lisilo la kazi yako. Kadhi wa dunia asipokuona, yuko Anayekuona.

Allah atujaalie tuwe watunza amana. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.