Mpango Uliopinduliwa Mathare

Jumapili moja mama yangu aliniambia maneno ambayo hakuna mteja wa ofisini amewahi kuniambia usoni: "Baba, hiyo kitu yako imetuharibia chama."

Tulikuwa kwake Umoja, chai mezani. Mimi ni meneja wa miradi ya programu. Siandiki programu mwenyewe. Kazi yangu ni kuhakikisha wanaoandika wanamaliza kwa wakati, bajeti haipasuki, na mteja anapata alichoitisha. Chama cha mama nilikifanyia bure. Nilikaa na mweka hazina jioni moja, nikaandika mahitaji yote, na wiki sita baadaye programu ilikuwa kwa simu zao. Mwanachama anatuma mchango, anaona salio, akichelewa anapigwa faini bila mtu kuulizwa. Nilijisikia mkali.

Baada ya miezi mitatu, mkutano wa watu 18 ulikuwa na watu 5. Si pesa imeshatumwa? Utatoka nyumbani kufuata nini? Halafu mmoja wao, mama wa mboga, akalazwa wiki mbili na hakuna aliyejua. Programu ilijua kitu kimoja tu: huyu amechelewa. Ikampiga faini akiwa kitandani.

Nikajitetea vile sisi wa hii kazi hujitetea. "Lakini Mama, si nyinyi ndio mlisema mnataka hivyo?"

"Tulisema. Lakini hukukuja kukaa na sisi uone."

Niliondoka na hiyo sentensi kwa matatu, na ikanirudisha kwa hadithi ambayo nilikuwa nimeisoma zamani nikaipita. Ni hadithi ya M-Pesa. Usiguni kwanza. Najua umechoka kusikia vile M-Pesa ilibadilisha Kenya. Mimi nataka ile sehemu ya kabla, wakati ilikuwa mradi wenye mpango, na mpango wenyewe ulikuwa umekosea.

Wazo lilianzia Vodafone, Uingereza, kwa bwana mmoja anaitwa Nick Hughes. Serikali ya Uingereza, kupitia idara yake ya maendeleo ya kimataifa, ilitoa karibu pauni milioni 1, na Vodafone ikaongeza kiasi kinachokaribiana na hicho. Mwaka 2005 Susie Lonie akaja Nairobi kuusimamia mradi. Programu yenyewe ilitengenezwa na kampuni ya Sagentia, ya Cambridge.

Na iliitishwa ifanye nini? Ilipe mikopo. Basi. Mshirika alikuwa Faulu Kenya, shirika la mikopo midogo. Wateja wake walikuwa kwa vikundi: mnakutana, mnalipa, mnadhaminiana, na mtu anabeba pesa taslimu hadi benki akiomba Mungu asikutane na vijana njiani. Mpango ulikuwa kumwondolea huyo mtu huo mzigo. Ukiwa na mkopo, lipa kwa simu.

Oktoba 2005 majaribio yakaanza na wateja wasiofika 500, sehemu tatu: katikati ya jiji, Thika, na Mathare, hapo tu kando ya Barabara ya Juja. Hapo ndipo mpango ulikutana na watu.

Watu walilipa mikopo, ndiyo. Lakini wakaanza pia mambo yao. Mfanyabiashara akawa anaweka mauzo ya siku kwa simu jioni, benki ikiwa imefungwa, anatoa asubuhi: simu imekuwa kasha la usiku. Mwingine anaweka pesa kwa wakala upande mmoja, anasafiri mifuko mitupu, anatoa upande wa pili. Wengine wakalipiana mikopo kwa makubaliano yao. Wengine wakanunua salio la simu na kulirusha kwa jamaa mashambani, kama msaada. Kuna mume aliporwa, mkewe akamtumia pesa ya nauli arudi nyumbani. Hakuna aliyekuwa ameandika hiyo kwa karatasi ya mahitaji.

Wakati huohuo, kile kitu chenyewe kilichoitishwa kilikuwa kinasumbua. Kuoanisha hesabu za mfumo mpya na vitabu vya Faulu kukageuka kazi nzito ya mikono. Na kulikuwa na swali lingine ambalo nikilisoma sasa linanichoma: vikundi vile vilisimama kwa sababu watu wanaonana. Mtu akishalipa kwa simu, atakuja mkutano kufanya nini?

Hebu jiweke kwa kiti cha meneja. Umepewa pesa ya wafadhili kwa jambo moja. Wateja wako wanatumia kifaa chako vibaya, kulingana na karatasi. Meneja wa kawaida angeitisha mafunzo zaidi. Mimi, nakiri, ningefunga hayo matumizi mengine na kuandika kwa ripoti kwamba nimeziba mianya.

Wao walifanya tofauti. Walikaa wakaangalia, wakauliza watu wanafanya nini na kwa nini, kisha wakakubali kuuvunja mpango. Kulipa mikopo, ambako ndiko kulizaa mradi wote, kukaondolewa kwa kiini. Tarehe 6 Machi 2007 Safaricom ilipoizindua kwa nchi nzima, ujumbe ulikuwa mmoja: tuma pesa nyumbani. Kabla mwaka uishe wateja walikuwa wamepita milioni 1. Lakini ile kazi ya msingi ilikuwa imefanywa mapema, na watu wasiofika 500, ambao hakuna aliyewaita wabunifu. Waliitwa wateja wa majaribio.

Ukizaliwa Eastlands hii haifai kukushangaza. Dandora ilianza mwaka 1975 kama mradi wa Benki ya Dunia: viwanja 6,000, kila kimoja na choo na maji, mwenyewe ujijengee vyumba. Umoja nayo, iliyojengwa miaka ya 70 kwa fedha za Wamarekani, ilikuwa nyumba ndogo za chini zilizopangwa kwa mistari. Tembea leo Umoja uangalie juu. Ghorofa juu ya ghorofa, duka mahali palikuwa na sebule, kinyozi mahali palikuwa na geti. Mpangaji wa mji anaweza kuita hiyo fujo. Mimi nililelewa na kodi ya vyumba viwili ambavyo havikuwa kwa ramani.

Nilisoma usimamizi wa miradi kutoka kwa vitabu vya mbali. Nikafundishwa kwamba mwaka 2001 mabwana 17 walikutana Snowbird, Utah, huko Marekani, wakakubaliana kwamba kuitikia mabadiliko ni bora kuliko kung'ang'ania mpango. Nilifanya mtihani wa hayo mambo, nikapita, cheti kiko ukutani. Na bado nilimwandikia mama yangu mzazi programu kwa jioni moja ya maswali, na mtu mmoja, bila kukaa hata mkutano mmoja wa chama.

Jumapili iliyofuata nilienda mapema, nikakaa kona, nikanyamaza. Saa mbili na nusu. Pesa ilichukua dakika kama 20. Zilizobaki zilikuwa za nani amefiwa, mtoto wa nani amekosa shule, nani anahitaji kusukumwa kidogo alipe na nani anahitaji kuachwa apumue. Faini kwa kweli ilikuwa inajadiliwa, kila mara. Mweka hazina hakuniambia hivyo kwa sababu kwake hiyo haikuwa kazi, ilikuwa tu kuishi na watu.

Niliitoa faini ya kujipiga yenyewe. Nikatoa pia kutuma mchango kwa simu, isipokuwa kwa aliye safarini au mgonjwa. Kilichobaki ni daftari tu: kila mmoja anaona nani ametoa ngapi, na vitabu haviwezi kupotea. Ni programu ndogo mno. Kwa ofisi ningeona haya kuionyesha.

Mama wa mboga alirudishiwa faini yake mbele ya watu. Nilimpa mkononi mwenyewe, nikaomba msamaha. Akahesabu, akaiweka kwa leso, kisha akaniuliza kama naweza kuongeza mahali pa kuandika nani anamtembelea nani wiki hii.

Hiyo haikuwa kwa mpango. Nimeanza nayo.