Kuchungulia Chini ya Maji

Tangu tarehe 19 Juni, 2025, msafiri atokaye Mwanza kwenda Sengerema na Geita huivuka Ghuba ya Mwanza hapa Kigongo kwa dakika chache, juu ya daraja lenye urefu wa kilomita 3. Kabla ya hapo tulivuka kwa kivuko hadi Busisi, na kabla ya kuvuka tulisubiri, pengine saa mbili nzima. Katika kusubiri huko nilizoea kuwaangalia abiria wenzangu. Waliangalia ng'ambo, waliangalia mizigo yao, waliangalia samaki wa kukaanga waliokuwa wakichuuzwa. Maji yenyewe waliyatupia jicho ili kukisia tu kama yangechafuka. Yaliyomo chini hakuna aliyeyauliza. Mimi nimefundisha historia maisha yangu yote, na jambo hili nililiona ni swali la historia: imekuwaje sisi watu wa ziwa, tuliokula kutoka majini vizazi kwa vizazi, tuyajue maji kwa ndoana, kwa nyavu na kwa kasia, tusiyajue kwa macho?

Sehemu ya jibu imo katika jicho lenyewe. Jicho la binadamu limeumbwa kuona kupitia hewa. Likigusana na maji, mwanga haupindi inavyopasa, na kila kitu huwa ukungu. Weka tabaka dogo la hewa lililozibwa kwa kioo mbele ya jicho, na ukungu huondoka. Samaki ataonekana mkubwa kuliko alivyo kwa kiasi cha theluthi, na karibu zaidi. Kwa hiyo mvuvi mgeni akikusimulia ukubwa wa samaki aliyemwona chini, mpunguzie.

Watu wamezama tangu kale bila kioo hicho. Wazamiaji wa lulu katika Ghuba ya Uajemi walikwenda chini kwa pumzi moja, kibanio puani, jiwe mguuni na kapu la kutia chaza. Wengi wa wazamiaji hao katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa Waafrika waliochukuliwa utumwani kutoka pwani yetu, au watoto wao. Lulu walizozitoa zilivaliwa shingoni na mabibi wa Ulaya na Marekani. Basi Mwafrika wa Mashariki alikuwa chini ya maji zamani sana, lakini alipelekwa huko kufanya kazi, na alichotakiwa kukiona ni chaza tu.

Miwani ya kuzamia ya kioo kimoja, inayofunika macho pamoja na pua, ilianza kutumika Ulaya katika miaka ya 1930. Pua kuwa ndani si pambo. Unapokwenda chini maji hukandamiza miwani usoni, na mtu akipumua kidogo kwa pua ukandamizaji huo hulegea. Ukiongeza mrija wa kupumulia na viatu vya mapezi umemaliza vifaa vyote vya mchezo ambao siku hizi abiria wa meli kubwa za matembezi kule visiwa vya Karibi hufundishwa asubuhi na kuufanya kabla ya chakula cha mchana.

Huku kwetu mchezo huo ulifuata njia ya watalii. Kenya ilitenga hifadhi za bahari za Malindi na Watamu mwaka 1968. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo, mbele ya Dar es Salaam, vilitangazwa kuwa maeneo tengefu mwaka 1975. Mwamba wa Chumbe, Unguja, ulihifadhiwa mwaka 1994, na Hifadhi ya Bahari ya Mafia ikafuata mwaka 1995. Chumbe nawapa heshima ya pekee, kwa sababu wao waliwachukua wavuvi wakawafanya walinzi na waongozaji wa mwamba, na wakawaleta watoto wa shule za Unguja kuja kutazama. Watoto wa kisiwa, waliozaliwa hatua chache kutoka baharini, wengi wao waliyaona matumbawe yakiwa hai kwa mara ya kwanza hapo.

Haikunishangaza. Mwaka 1997 niliongoza kundi la wanachuo wa ualimu kwenda Dar es Salaam kwa ziara ya mafunzo, na siku moja tukavuka kwa mashua hadi Bongoyo. Mmoja wao alikuwa kijana wa Ukerewe, mtoto wa mvuvi, mtu aliyepiga kasia tangu utotoni. Huyo ndiye aliyekataa katakata kuingiza uso majini. “Mwalimu,” akaniambia, “sisi kwetu aliyeinamisha uso majini ni maiti.” Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa maana alikuwa amesema kweli tupu ya mahali alikotoka.

Baharia aliyetupeleka, mzee mpole wa makamo yangu ya sasa, alimfundisha kwa utaratibu ambao ningependa kila mkufunzi auone. Kwanza alimtafutia miwani iliyomfaa: aliiweka usoni pasipo kufunga ukanda, akamwambia avute pumzi kwa pua. Inayoshika yenyewe ndiyo yako. Inayoanguka, rudisha, hata kama ni nzuri. Nywele zisiingie ukingoni, na mwenye sharubu nene ajue maji yatapenya. Kisha alitema mate ndani ya kioo, akakisugua na kukisuuza, ili kisishike ukungu. Wasichana wakaguna; baada ya dakika kumi wote walikuwa wakitema.

Hakumpeleka kilindini. Walisimama penye maji ya kiuno, kwenye mchanga mtupu, kijana ameshika mkono wa mzee, amevaa jaketi la kujiokolea. Ainame, uso ndani, apumue kwa mdomo polepole, pumzi ndefu. Maji yakiingia mrijani asivute, apulize mara moja kwa nguvu kama mtu anayechochea mkaa, yatatoka. Akishikwa na hofu asimame. Chini kuna mchanga. Walirudia hivyo nusu saa bila kuona samaki hata mmoja. Ndipo wakaelea taratibu kuelekea mwambani.

Mengine aliyotuambia nayaandika kama nilivyoyashika. Muulize mwenyeji habari za maji kabla ya kuingia, maana siku za bamvua mkondo una nguvu kuliko siku za maji mafu. Usiende peke yako. Vaa shati, kwa kuwa jua huunguza mgongo hata wa mtu mweusi. Usihemehe haraka haraka kabla ya kuzama ili ukae chini muda mrefu. Kwa njia hiyo mtu huzimia ndani ya maji bila dalili. Usikanyage matumbawe wala kuyashika: ni wanyama, ingawa yanafanana na mawe. Sehemu za mwamba ule zilikuwa vifusi vitupu, kazi ya wavuvi wa baruti, na mwaka uliofuata, 1998, joto la bahari lingeua matumbawe mengi mno katika Bahari ya Hindi ya magharibi.

Yule kijana alipotoa uso majini alikaa kimya mpaka tukafika Msasani. Kisha akaniuliza: “Mwalimu, na kwetu chini kukoje?”

Kwetu, ndugu msomaji, simshauri anayeanza aingie na miwani. Maji ya pwani za Ziwa Viktoria yana kichocho. Vijidudu vyake hutoka katika konokono na kupenya ngozi, na hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, saa zile zile ambazo mtoto hupenda kuoga. Aliyekwisha kuingia apimwe na apewe dawa, nayo ipo. Kuna mamba na viboko. Zaidi ya hayo, katika ghuba hii mtu hataona mbali, maana maji yamekuwa ya kijani na mazito kwa mbolea na udongo ushukao kutoka mashambani na uchafu wa miji.

Hapa ndipo historia inaponiumiza. Kuanzia mwaka 1977 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walifanya utafiti katika Ghuba ya Mwanza juu ya furu, wale samaki wadogo ambao tulipokuwa watoto tuliwavua kwa ndoana na kuwaona ni kitoweo cha maskini. Wakakuta kwamba furu si samaki mmoja. Ni mamia ya aina: wanaokwangua mawe, wanaovunja konokono, wanaokula mayai ya wenzao. Wakati wakiwahesabu, sangara aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 aliongezeka ghafla, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 nyavu zilizokuwa zikijaa furu katika ghuba hii zilirudi karibu tupu. Baadhi ya aina hizo leo zimo katika chupa za makumbusho huko Leiden tu. Mwaka 1997, mwaka ule ule wa Bongoyo, watafiti waliofanya kazi katika maji haya walichapisha jambo jingine: jike la furu humchagua dume kwa rangi, na penye maji machafu rangi hazionekani, hivyo aina zilizokuwa mbalimbali huzaliana na kuwa moja. Samaki wenyewe wamekosa kuonana.

Na sisi je? Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei, 1996, ikiukaribia mji wa Mwanza, ikaua mamia. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba, 2018, ikikaribia gati la Ukara, ufuko ukionekana, wakafa watu zaidi ya 200. Sisemi kwamba kuogelea kungewaokoa wote. Aliyefungiwa ndani ya chombo kilichopinduka hana pa kuogelea. Lakini nilipohesabu katika darasa langu la mwisho walimu watarajiwa walioweza kuelea dakika moja bila kushika kitu, walikuwa wachache kuliko vidole vya mkono mmoja, na darasa lilitoka mikoa ya ziwa. Kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi ya kusitiri mwili mzima, na mafunzo huanzia pale alipoanzia yule baharia: uso majini, pumzi, kuelea.

Atakayetaka kuwaona ndugu wa furu wakiwa hai namwelekeza Kigoma, safari ya basi ya siku moja. Maji ya Ziwa Tanganyika ni maangavu, na samaki wa jamii hiyo huonekana kati ya mawe karibu kabisa na ufuko. Huko nako aulize kwanza habari za mamba.