Miaka 12 shambani kwa mtu: sheria ya ukaaji ilivyoingia Pwani

Pwani ya Kenya, mtu anaweza kumiliki nyumba asimiliki kiwanja. Minazi nayo huweza kuwa ya huyu, udongo wa yule, na aliyeandikwa kwenye hati ama yuko Uarabuni ama alishafariki zamani.

Mkanganyiko huu una mizizi mwaka 1908. Ukanda wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiutawala kwa mkataba wa 1895. Ndipo wakoloni wakatunga sheria ya hati: kila anayedai shamba ajitokeze kwa msajili athibitishe. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Familia nyingi za Kiarabu na Kiswahili zilipata hati. Wamijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo wala si ya mtu mmoja, wengi walitoka mikono mitupu, na vizazi vyao vikaja kuitwa maskwota.

Kenya huru nayo ina sheria ya ukomo wa madai, Sura ya 22, iliyoanza kutumika 1967, yenye asili ya Uingereza. Mwenye hati amepewa miaka 12 ya kumshtaki aliyeingia shambani kwake. Ikipita, haki yake imekufa, na mkaaji anaweza kuiomba mahakama aandikishwe yeye. Shamba likiuzwa katikati, hesabu haianzi upya. Barua ya onyo haiisimamishi. Ardhi ya serikali, hata hivyo, haiguswi.

Sharti ni kukaa waziwazi, mfululizo, bila ruhusa ya mwenyewe. Hapo ndipo wengi hukwama. Stakabadhi moja ya kodi ya kiwanja huonyesha kwamba mtu alikaa kwa ridhaa. Miaka 40 ya mpangaji haifui dafu mbele ya miaka 12 ya mvamizi.

Katiba ya 2010 ilipolinda mali ya mtu binafsi, wapo waliodai kanuni hiyo ya miaka 12 imekufa. Mahakama ya Rufaa, Malindi, ikakataa hoja hiyo mwaka 2015.

Kwa hiyo sheria zote mbili humwadhibu aliyenyamaza. Tofauti ni kwamba ile ya 1908 iliwapokonya watu wa koo nzima kwa mkupuo, ilhali hii hurudisha kiwanja kimoja kimoja, kwa mwenye mashahidi na nauli ya kwenda mahakamani.