Vyumba vya Uani: Kigali na Nyumba Zilizojengwa Nyuma ya Nyumba

Kabla Kigali haijawa mji, Wanyarwanda walikuwa wakijenga nyuma ya nyumba. Urugo, boma la familia, ulizungushiwa ua wa miti. Mbele palikuwa na uwanja wa kupokelea wageni, kisha nyumba kuu, na nyuma yake igikari, upande wa ndani ambako mgeni hakupita hovyo. Anayezuru makumbusho ya Rukari mjini Nyanza ataona mpango huo hata kwenye makao ya mfalme, kwa kuwa kibanda cha maziwa na kibanda cha pombe viko nyuma ya nyumba kubwa. Nini kijengwe na kikae wapi, mila ndiyo iliyoamua.

Mji wenyewe ulianza mwaka 1907, Mjerumani Richard Kandt alipoweka kituo cha utawala kwenye kilima cha Nyarugenge. Wabelgiji waliiteka nchi mwaka 1916, lakini makao makuu ya Ruanda-Urundi wakayaweka Usumbura, Bujumbura ya leo, na Kigali ikabaki mji mdogo. Hata hivyo, katika miaka ya 1920 walianzisha mtaa wa Nyamirambo kwa ajili ya watumishi wa serikali na wafanyabiashara Waswahili. Msomaji wa Dar es Salaam au Ujiji anaijua nyumba ya Kiswahili: ukumbi mwembamba katikati, vyumba kushoto na kulia, mlango wa nyuma unaofungukia uani, na huko uani jiko, choo na banda lenye vyumba zaidi. Chumba kimoja hukaliwa na shangazi aliyefiwa na mumewe, kingine na mpangaji anayelipa kila mwezi. Katika vichochoro vya Biryogo, pembeni mwa Nyamirambo, maisha ya namna hiyo ya kuzunguka ua mmoja yapo hadi leo.

Upande wa pili wa kilima, Kiyovu, Wazungu walikuwa na bustani pana, na mwisho wa bustani vyumba viwili vitatu vya kulala watumishi. Naamini aneksi ya Kigali, kama wenyeji wanavyoiita nyumba ya uani, ni mtoto wa wazazi hawa wawili. Ua wa Kiswahili uliipa ndugu na wapangaji. Bustani ya Kiyovu iliipa desturi ya kufichwa, na mamlaka kuitazama kama kitu cha pembeni kisichohitaji kuhesabiwa. Mambo mengi yaliyofuata yalitokana na urithi huo wa pili.

Siku ya uhuru, mwaka 1962, Kigali ilikuwa na watu kama 6,000. Serikali zilizofuata zilidhibiti sana uhamaji, na mtu wa kijijini hakuweza kuhamia mjini bila kibali cha kuishi huko. Pamoja na hayo, sensa ya 1991 ilikuta watu kama 235,000. Kisha yakaja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, yaliyoacha mji umejaa makaburi na nyumba zisizo na wenyewe. Baada yake walirejea maelfu kwa maelfu waliokuwa wamekulia uhamishoni Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania, na nyuma yao vijana wa vijijini waliokuja kutafuta kazi. Wote walihitaji mahali pa kulala usiku huohuo. Serikali haikuwa na nyumba za kuwapa, na benki hazikuwa na mikopo ambayo fundi au muuza mboga angeimudu. Aliyekuwa na kiwanja alifyatua matofali ya udongo mbichi, rukarakara, akaongeza chumba nyuma, kisha kingine. Kwa njia hiyo sehemu kubwa ya mji ilijengwa, chumba baada ya chumba, kwa fedha za wenye viwanja wenyewe.

Sheria ilikuja baadaye, na ilikuja kwa kasi. Sheria ya ardhi ya 2005 ilifungua njia, na kati ya 2009 na 2013 nchi nzima ilipimwa na kusajiliwa, vipande zaidi ya milioni 10. Mwaka 2008 mtaa wa chini wa Kiyovu, ulioitwa Kiyovu cy'abakene, yaani Kiyovu ya maskini, ulivunjwa na wengi wa wakazi wake wakapelekwa Batsinda. Mwaka 2012 ikapitishwa sheria ya mipango miji na ujenzi, na mwaka 2013 ukaidhinishwa mpango mkuu wa jiji ulioandaliwa na kampuni ya Surbana kutoka Singapore. Ramani iligawa vilima katika kanda, na katika sehemu kubwa ya kanda za makazi picha iliyokuwa akilini mwa wapangaji miji ilikuwa ya nyumba moja ya familia moja katika kiwanja chake. Mpango ule ulikuwa mzuri kwenye karatasi, lakini mpangaji wa chumba cha uani hakuwamo.

Aliyemtaja waziwazi, ajabu kidogo, ni mtoza kodi. Sheria ya mapato ya serikali za mitaa ya 2018 ilisamehe kodi ya jengo kwa nyumba moja ambayo mwenyewe aliichagua kuwa makazi yake, pamoja na majengo yake ya nyongeza, kama kiwanja kilikuwa cha familia moja. Lakini alipoanza kupangisha, mapato yake ya kupangisha, baada ya kutolewa gharama zilizoruhusiwa, yalitozwa asilimia 20 pale yalipozidi faranga 180,000 kwa mwaka, na asilimia 30 kwa yaliyopita milioni 1. Yaani serikali ilikwisha kujua kwamba uani kuna watu na kuna fedha.

Mwaka 2019 rukarakara ilipata viwango rasmi na ikaruhusiwa katika maeneo maalumu. Mwaka 2020 mpango mkuu ukafanyiwa marekebisho. Toleo hilo lilikubali mitaa iliyojijenga iboreshwe hapo ilipo, likatenga kanda za kuongeza wakazi ndani ya mitaa ya nyumba za chini, na likaruhusu ujenzi wa hatua kwa hatua. Hiyo ni hatua kubwa, ingawa haikufuta machungu ya kuhamishwa. Mwaka 2022 wakazi wa mwisho wa mtaa wa Bannyahe, Nyarutarama, walihamishiwa Busanza, baada ya miaka mingi ya kesi. Lakini Gitega, kwenye mradi wa Mpazi, wenye viwanja wamejengewa nyumba za ghorofa palepale walipokuwa wakiishi.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,745,555 katika jiji. Wote hao hawawezi kuenea katika viwanja vya familia moja moja, wala Kigali haina vilima vipya vya kuwapa. Jiji liandike kanuni fupi ya aneksi, kwa Kinyarwanda chepesi: ukubwa gani unaruhusiwa, umbali gani kutoka mpaka wa jirani, choo na maji ya mvua vielekezwe wapi. Gharama ya kibali chake nayo ilingane na ukubwa wa chumba. Na mwenye kiwanja asingoje kanuni hiyo ndipo aulize: aende na hati yake kwenye ofisi ya vibali vya ujenzi kabla ya kuchimba msingi, maana aliyejenga bila kibali huweza kuamriwa kubomoa kwa gharama yake mwenyewe.