Karatasi za Waliopinga Vita

  Kaeni karibu na redio, na mwenye kalamu aandike maneno atakayoyaona mapya.

Leo tutazungumza juu ya karatasi. Si karatasi za serikali zenye mihuri, wala si vitabu vya jalada gumu. Ni karatasi za bei ndogo: vijitabu vya katuni, mabango ya ukutani na magazeti madogo, yaliyotengenezwa na watu waliopinga vita katika miaka ya 1960 na 1970. Zilitengenezwa zisomwe leo na kutupwa kesho. Lakini siku hizi wako watu wanaozitafuta kwa bidii na kuzinunua kwa fedha nyingi. Kwa nini? Na sisi wa nyanda za kati jambo hili linatuhusu nini? Tuanze mbali, kisha tutarudi nyumbani.

Miaka ile Marekani ilikuwa ikipigana huko Vietnam. Vijana waliitwa jeshini kwa sheria, wapende wasipende. Wengi walipinga. Wakaanza kuandika, kuchora na kuchapa wenyewe, bila kungoja magazeti makubwa.

Mmoja wa waliopinga alikuwa Julian Bond, Mmarekani mweusi wa jimbo la Georgia. Mwaka 1965 alichaguliwa kuwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria la jimbo lake. Januari 1966 wajumbe wenzake wakamnyima kiti, kwa sababu aliunga mkono tamko la kupinga vita vya Vietnam. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya nchi, naye akashinda Desemba ya mwaka ule ule. Mwaka 1967 akatoa kijitabu cha katuni kiitwacho Vietnam. Maneno ni yake, picha zilichorwa na T. G. Lewis. Angalieni faida ya picha, ndugu zangu: hata mtu anayesoma kwa shida huielewa, na akiisha kuielewa humweleza jirani.

Mwaka 1968, katika mji wa San Francisco, mchoraji Robert Crumb alitoa kijitabu kingine, Zap Comix namba 1. Kilikuwa cha mzaha na dharau juu ya maisha ya wakubwa. Yeye na mkewe walikiuza barabarani kutoka katika kigari cha kusukumia mtoto, kwa senti 25 za Marekani. Leo nakala nzuri ya chapa ya kwanza huuzwa kwa maelfu ya dola. Kwa kuwa kilichapwa tena mara nyingi, mkusanyaji hodari hatazami picha kwanza. Hugeuza jalada la nyuma, akatafuta jina la mpiga chapa wa kwanza, Charles Plymell. Asipoliona, anajua kwamba hiyo ni chapa ya baadaye.

Sasa turudi nyumbani. Mashariki ya mji wa Dodoma iko Kongwa. Wengi wanaijua kwa habari za karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza mashamba makubwa pale, lakini mvua haikutosha na udongo ulikuwa mgumu. Mwaka 1951 mpango ule ukaachwa. Kisha, mwaka 1964, serikali yetu ikawapa wapigania uhuru nafasi ya kufanya kambi huko. Walikuwapo FRELIMO wa Msumbiji, ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia, ZAPU wa Zimbabwe na MPLA wa Angola. Samora Machel, aliyekuwa Rais wa kwanza wa Msumbiji mwaka 1975, naye alipita katika kambi ya Kongwa.

Hawa tusiwachanganye na vijana wa Marekani. Wale walikataa kushika bunduki, hawa waliishika. Lakini wote walipinga jambo moja, yaani vita vya mwenye nguvu juu ya mnyonge. Hata huko Ureno vijana wengi walitoroka nchi yao ili wasipelekwe kupigana Afrika. Na tarehe 25 Aprili 1974 askari wa Ureno wenyewe, waliochoshwa na vita vile, waliipindua serikali yao.

Wapigania uhuru nao walikuwa na karatasi zao. FRELIMO walitoa gazeti lao, Mozambique Revolution, huko Dar es Salaam. Magazeti ya namna hii yalichapwa mara nyingi kwa mashine ya kurudufu. Kazi yenyewe ni hivi. Huchukuliwa karatasi yenye nta, iitwayo stensili. Maneno hupigwa juu yake kwa taipu, na picha huchorwa kwa kalamu ya chuma. Pale nta ilipokwaruzwa, wino hupenya na kuacha alama katika karatasi nyeupe. Mashine ya namna hii huweza kuzungushwa kwa mkono, nayo haihitaji kiwanda. Kwa hiyo chama kisicho na fedha kiliweza kusema na dunia.

Mabango mengine yalitoka Kuba. Shirika la OSPAAAL, lililoanzishwa Havana mwaka 1966, lilichapa mabango ya kuunga mkono Vietnam na nchi za Afrika, likayakunja na kuyatia ndani ya gazeti lake, Tricontinental. Kwa hiyo bango la zamani lenye mistari ya mikunjo si lazima liwe limeharibika. Mikunjo ile ndiyo safari yake.

Leo Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, huko Marekani, kinakusanya mabango, beji na vijitabu vya Wamarekani waliosaidia ukombozi wa Afrika. Nyaraka nyingi za ANC zimewekwa katika Chuo Kikuu cha Fort Hare, Afrika Kusini. Ni jambo jema. Lakini mtu wa Kongwa akitaka kujua habari za kijiji chake, asiwe hana budi kupanda ndege.

Na hapa liko jambo kubwa kuliko bei. Wapiganaji wale hawakuishi peke yao. Walinunua vitu sokoni, walicheza na wenyeji, na wengine walipata watoto na wanawake wa hapa. Kisha wakaenda vitani. Wengi walitumia majina ya vita, si majina waliyopewa na wazazi wao. Mtoto aliyeachwa atamtafutaje baba kwa jina la bandia? Huenda picha moja ya zamani yenye maandishi nyuma, au gazeti lililoandikwa jina pembeni, ndilo litakalomwonyesha njia. Kwa mkusanyaji karatasi ile ni mali. Kwa mtoto yule ni ukoo wake.

Basi tazameni katika masanduku yenu ya bati. Mkipata karatasi ya namna hii, fanyeni hivi.

Kwanza, msiisafishe kwa maji wala kuigandisha kwa gundi au utepe. Gundi huacha doa lisilotoka.

Pili, toeni pini za chuma zilizoshika kutu, polepole, maana kutu hula karatasi.

Tatu, iwekeni mbali na jua na mbali na udongo. Nchi yetu ni kavu, na karatasi haiti ukungu upesi kama pwani. Adui wetu ni mchwa. Sanduku likae juu ya mawe au meza, lisigusane na ukuta.

Nne, andikeni nyuma, kwa penseli na kwa mkono mwepesi, ilitoka kwa nani, wapi, mwaka gani. Kama hamna hakika ya mwaka, msiubuni.

Tano, akija mnunuzi, msiuze siku hiyo hiyo. Ulizeni kwanza wazee, au maofisa wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Neno la mwisho. Katuni ina upande. Humfanya adui kuwa mnene na mjinga, na rafiki kuwa shujaa. Haihesabu wafu, wala haisemi makosa ya mchoraji. Kwa hiyo tusiisome kama ushahidi wa mahakamani. Tuisome ili tujue watu wale walichekea nini, waliogopa nini, na walitumaini nini. Mambo hayo hayaandikwi katika karatasi zenye mihuri.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Stensili ni nini, nayo ilimsaidiaje mtu asiye na fedha?
2. Vijana wa Marekani na wapiganaji wa Kongwa walitofautiana katika jambo gani, na walipatana katika jambo gani?
3. Nyumbani kwako kuna karatasi gani ya zamani? Nani aliyebaki anayejua ilitoka wapi? Mwulize kabla ya somo lijalo, uandike jibu lake.