Listi ya kununua si listi yako

Wasee mnaouza vitu mtandaoni, hebu turudi Mei 1978. Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, Marekani, alitaka watu waje kuona mashine mpya. Anwani zikatolewa kwa kitabu cha watumiaji wa ARPANET, babu ya intaneti, na tangazo moja likatumiwa watu karibu 400. Hakuna aliyeliomba. Wengi waliwaka, na Thuerk akaonywa asirudie.

Yeye husema mashine ziliuzika kwa mamilioni ya dola. Sawa, lakini hiyo ilikuwa spamu ya kwanza duniani. Yako itakuwa ya ngapi leo asubuhi?

Ndio maana nashangaa mtu akinunua listi ya imeili za watu hawajui. Hapa Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mtu akubali kabla utumie data yake kibiashara. Na wakibonyeza "spamu" wengi, hata wateja wako wa ukweli hawataona barua zako.

Omba ruhusa. Onyesha mlango wa kutoka. 50 waliokubali wenyewe wanashinda 5,000 wa kununuliwa.