Samaki wakipigana kwenye tangi, usitie mkono kabla ya kuzima umeme

Ukifuga samaki sebuleni, hili limeshakukuta au litakukuta. Unapita zako kwenda jikoni, unaona samaki mmoja kambana mwenzake kwenye kona, mapezi yameshachanika. Bila kufikiri unafunua kifuniko na kutia mkono uwatenganishe. Kumbuka humo ndani ya maji kuna hita na filta, juu kuna taa, na vyote vimechomekwa ukutani.

Ukorofi wa samaki na hatari ya umeme huonekana mambo mawili tofauti, lakini kwenye tangi la nyumbani hukutana. Haya ndiyo ya kujua.

Ugomvi unavyoleta shoti

Hita nyingi za matangi ni bomba la kioo lenye waya wa joto ndani yake. Samaki anayekimbizwa hutafuta pa kujificha, na mara nyingi anakimbilia nyuma ya hita au filta. Mkubwa akimfuata kwa nguvu anaweza kuigonga hita ikapasuka. Wengine huchimba mchanga, jiwe linakosa msingi na kuporomoka juu ya hita au kwenye kioo cha tangi.

Hita ikipasuka, maji hugusana na waya wenye umeme. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, Kenya 240. Huo unaua.

"Mbona samaki wako hai?"

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Maji yanaweza kuwa na umeme na samaki wakaendelea kuogelea kama kawaida. Ni kama ndege aliyetua kwenye waya wa nguzo: hadhuriki kwa sababu umeme hauna njia ya kupita mwilini mwake kwenda ardhini. Tangi la kioo likikaa juu ya meza ya mbao, samaki nao hawana njia hiyo. Wewe ukisimama peku kwenye sakafu ukatia mkono, unakuwa ndiyo njia yenyewe.

Kwa hiyo samaki kuwa hai si kipimo cha usalama. Ukihisi mkono unachomachoma au unakufa ganzi ukigusa maji, hata kidogo tu, usijaribu mara ya pili. Zima umeme, chomoa kila kitu, mwite fundi.

Samaki gani ni wakorofi?

Baadhi ya samaki wakorofi zaidi duniani kwenye matangi wanatoka kwetu. Mbuna ni samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, na jina hilo limetoka kwenye lugha ya Watonga wa Malawi. Wako jamii moja na sato na perege. Kati yao, Melanochromis auratus anajulikana kwa ubabe: dume mmoja anaweza kutesa tangi zima. Ziwa Tanganyika nalo lina Tropheus, wenye rangi za kuvutia lakini hawavumiliani wakiwa wachache. Kutoka Thailand kuna betta, ambaye ukiweka madume mawili pamoja watapigana mpaka mmoja aumie vibaya au afe.

Si kwamba wana roho mbaya. Dume wa mbuna hulinda eneo lake la mawe. Ziwani, anayeshindwa huogelea mita chache akaenda zake. Kwenye tangi anagonga kioo, hana pa kwenda, kwa hiyo kipigo hakiishi.

Dalili za samaki anayeonewa ni hizi: mapezi yaliyochanika, magamba yaliyotoka, kukaa muda wote kwenye kona ya juu karibu na uso wa maji, na kukataa chakula. Usisubiri afe ndiyo ushtuke.

Kupunguza ugomvi

1. Tangi liwe kubwa. Kwa mbuna, anza na lita 200 na urefu wa sentimita 120. Lita 200 za maji ni kilo 200, kwa hiyo meza iwe imara.

2. Dume mmoja kwa majike watatu au zaidi. Akiwa na jike mmoja tu, atamkimbiza mpaka amchoshe.

3. Mbuna na Tropheus usiwaweke wawili watatu. Wakiwa kundi, Tropheus kumi na wawili au zaidi, ubabe hugawanyika na hakuna anayebeba kipigo chote. Ila filta iwe na nguvu ya kutosha.

4. Weka mawe yenye mapango mengi. Yapange moja kwa moja kwenye sakafu ya tangi, ndipo umwage mchanga, ili wakichimba yasiporomoke.

5. Ukiongeza samaki mpya, badilisha mpangilio wa mawe kwanza, kisha muingize taa ikiwa imezimwa. Wenyeji watakuwa wanatafuta maeneo upya.

6. Mbabe sugu mtoe akae peke yake siku chache, halafu mrudishe. Akirudi anakuwa mgeni.

7. Samaki wa dhahabu wenye mapezi marefu usiwachanganye na mbuna. Hawatapona.

Umeme uwe hivi

Waya wa kila kifaa uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda kwenda kuchomekwa. Maji yakitiririka juu ya waya yatadondoka sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Ekstensheni isilazwe chini ya tangi; itundike ukutani, pembeni.

Sakiti breka ya kawaida haikulindi na shoti. Kazi yake ni kulinda nyaya zisiungue, na hukata umeme ukizidi ampia nyingi. Kinachokulinda wewe ni ile swichi mafundi wanayoiita RCD, ambayo hukata umeme unapovuja. Tafuta ya miliampia 30. Ina kitufe cha majaribio: kibonyeze mara kwa mara uone kama inakata. Hakikisha pia nyumba ina waya wa ethi unaofanya kazi, na usikate pini ya tatu ya plagi ili iingie kwenye soketi mbovu.

Hita ivalishe kifuniko cha plastiki chenye matundu kama una samaki wakubwa. Kabla ya kupunguza maji izime, na isubiri dakika 15 hadi 20 ipoe. Hita ya moto ikibaki nje ya maji kioo hupasuka. Na kama unaishi Dar, Tanga au Mombasa, jiulize kama unaihitaji kabisa. Pima joto la maji kwanza. Likikaa nyuzi 24 hadi 27 bila hita, iache dukani. Arusha, Mbeya au Nairobi ni habari nyingine.

Wakipigana sasa hivi

Kausha mikono. Zima swichi ukutani, kisha chomoa vifaa vyote. Kama soketi au ekstensheni imelowa usiiguse, nenda kazime meni swichi. Halafu tumia wavu wa kuvulia, si mkono mtupu. Samaki watavumilia dakika chache bila filta.

Mtu akinaswa na umeme kwenye tangi, usimshike. Zima meni swichi kwanza. Ikishindikana, msukume atoke kwa mti mkavu au kiti cha plastiki, huku umesimama pakavu. Piga 112. Asipopumua na mnajua kukandamiza kifua, anzeni mara moja. Hata akizinduka na kusema yuko poa, mpelekeni hospitali, maana shoti inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Watoto na dada wa kazi nao waambiwe, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaobaki nyumbani na hilo tangi.